Ndoo Inayochotwa Majini

Ufuko mzima wa Baraka, mji wetu kando ya ziwa, ulijua kwamba Mama Fundi analishwa na patroni wake, tajiri mwenye mitumbwi na nyavu. Ulijua kwa sababu patroni mwenyewe aliitangaza habari hiyo kwa bidii kuliko alivyotangaza bei ya ndakala, dagaa wa ziwa letu. Aliitangaza kanisani, aliitangaza msibani, aliitangaza kwa wageni wa magari meupe. "Ule mama wa miguu ya kufa, mi njo namukulishaka," alisema, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma, tena huruma yenyewe wakampa yeye, kwa mzigo aliobeba. Hakuna aliyeuliza yule mama alikuwa akifanya nini pale mchangani tangu asubuhi, amezungukwa na wavu mpana kuliko kiwanja cha patroni.

Alikuwa akiushona. Ulikuwa wavu wa patroni, uliovua samaki wa patroni, waliojenga nyumba ya mabati ya patroni.

Tulimwita Mama Fundi, na jina hilo linatosha. Ukoo wake sikuwahi kumwuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia mambo ambayo hakulipwa kuyasimulia. Mimi ni mtu wa kutembea. Nimeuza chumvi Lubondja, nimeuza sabuni Kilembwe, nimekaa ng'ambo ya ziwa miaka ambayo kwetu hakukukalika. Lakini nyumba ya mama yangu ilikuwa nyuma ya mahali walipotandaza nyavu, na kila niliporudi nilipita kwake kabla ya kufika mlangoni kwetu.

"Umerudi?" aliniuliza bila kuinua macho. "Huko nako bamechoka na we?"

"Nimewakumbuka, Mama Fundi."

"Kumbuka na sabuni. Leta kamoja."

Nilitoa kipande, akakinusa pande zote mbili kama mtu anayekagua samaki, na kama hakikuwa na harufu ya maua alinirudishia.

Alitembea kwa mikono. Alivaa ndara viganjani na kujivuta mchangani kwa mabega yake mapana, kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, kikimfuata nyuma. Mvuvi mmoja mlevi aliwahi kumfanyia mzaha wa kuruka-ruka juu ya wavu aliokuwa akiushona. Alimdaka kifundo cha mguu, akamvuta, akamlaza chali kwenye maji ya ukingoni. "Sasa tuko sawa," alimwambia. "Simama basi, nione vile banasimamaka."

Kushona wavu ni kazi ya kukaa. Fundi anakaa mchangani, ananyosha sehemu iliyopasuka, anapitisha sindano ya mti yenye uzi, anapima tundu kwa kidole, anafunga fundo, anasogea. Mafundi wawili wanaume waliofanya kazi pamoja naye walikaa vilevile, tena kwa raha kuliko yeye, maana walipenda kuegemea mtumbwi uliopinduliwa. Tofauti yao ilikuwa moja tu. Wao waliukaza wavu kwa kidole kikubwa cha mguu. Yeye, ambaye vidole vyake vya miguu havikumsikia, alichomeka kijiti mchangani akaukaza hapo. Malipo yalipofika, kila mmoja wao alipata ndoo nzima ya ndakala, na yeye alipata sahani. Kwa akili ya patroni, kidole kikubwa cha mguu kilikuwa na thamani kuliko mikono miwili.

Lazima nieleze desturi ya ndoo, kwa sababu wizi wote ulipitia hapo. Pale kwetu fundi wa nyavu halipwi kwa franka. Mwezi ukiwa mkubwa, ndakala hawafuati taa, basi mitumbwi inapumzika na nyavu zinashonwa. Giza likirudi wavuvi wanatoka, na asubuhi ya kwanza, mtumbwi ukikaribia nchi kavu, fundi anaingia majini na ndoo yake, anashika ubavu wa mtumbwi, anachota mwenyewe mpaka ijae. Ni lazima achote kabla samaki hawajagusa mchanga. Wakishagusa mchanga ni wa patroni na wa mama wachuuzi. Wazee wanasema hiyo ni heshima kwa mkono ulioshona. Heshima nzuri kabisa, ila ina mlango mmoja, na mlango wenyewe uko ndani ya maji ya kiunoni yenye mawimbi.

Mama Fundi hakuweza kusimama majini, kwa hiyo aliletewa. Na samaki wake walikuwa na muujiza wa kupungua njiani. Mmoja wa mafundi wenzake, mzee mwenye kofia ya sufu, alijitolea kumchotea. Nilimwona kwa macho yangu akitoka majini na ndoo imejaa, akapita nyuma ya mitumbwi iliyopangwa pale, akatokea upande wa pili na ndoo nusu.

"Imemwangika, mama. Mawimbi."

"Mawimbi ya ku nchi kavu?" aliuliza Mama Fundi.

Mzee alivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi na hakujitolea tena.

Alipoomba abebwe mpaka kwenye mtumbwi, patroni alishtuka kama mtu aliyeambiwa achome kanisa. Alisema mwanamke akishika mtumbwi wenye samaki wa kwanza, bahati inakimbia. Wakati anasema hayo, nyuma ya mgongo wake mama wachuuzi walikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, wameshika mtumbwi huohuo kwa mikono yote, wakigombania bei na kumtukana mpimaji. Bahati ilikuwa imetulia, haikukimbia popote.

Patroni hakukosa sababu. Kwanza ilikuwa kwamba Mama Fundi hana watoto. Mmoja wa wale mafundi wanaume hakuwa na mtoto wala mke, alikuwa na redio, lakini yeye alipewa ndoo nzima ili imsaidie kutafuta mke. Mama Fundi alipozaa binti yake, sababu ikahama: mtoto bado ananyonya, atakula ndakala gani? Binti akaanza kula, tena akala vizuri, basi ikasemwa kwamba anakula kwa bibi yake. Ilisemwa pia kwamba Mama Fundi haendi mbali, kwa hiyo hamalizi viatu. Na siku moja, baada ya kufikiri mpaka jasho likamtoka, patroni alitoa ile ambayo hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu njiani.

"Tukimupatia ndoo muzima," alisema, "ataibeba namna gani?"

Mama Fundi alikuwa karibu, anasikia. "Patroni, we unabebaka nyumba yako?"

"Apana."

"Lakini iko yako."

Watu walicheka, na patroni akacheka kuliko wote, akampiga bega kwa upole, akaenda zake, na sahani ikabaki sahani. Hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Hakuwa akimchukia. Alimpenda, kama mtu anavyopenda mbuzi wake mwenye doa zuri. Kila mgeni alionyeshwa Mama Fundi na kuambiwa kwamba toka Uvira mpaka Kalemie hakuna mkono kama ule. Alimpa sifa nyingi sana. Nadhani aliamini kwamba mtu aliyeshiba sifa anahitaji samaki wachache.

Nisimfanye Mama Fundi malaika. Alikuwa mchoyo wa uzi, na fundi mwenzake akimwomba kipande alimpa kifupi kisichofunga hata fundo moja. Alidanganya umri wake, kila mwaka kwa njia mpya. Vilema wenzake waliokaa kuomba mlangoni mwa soko aliwadharau hadharani, kwa maneno ambayo hata patroni asingethubutu. "Mikono iko, mudomo iko, na unaomba! Kuja hapa nikufundishe!" Hakuna aliyekuja kufundishwa. Mmoja wao, baba mwenye mkongojo, alimjibu vizuri sana: "Mama Fundi, mi naomba napata franka. We unatumika, unapata sahani. Nani ameerevuka?" Siku hiyo alishona kwa hasira mpaka akajichoma kidole.

Asubuhi alitukana, mchana alinyamaza, na jioni aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ambayo ingemfanya mtu aache biashara yake asikilize. Jambo moja hakulisamehe, kubebwa bila kuulizwa. Watu wana tabia ya kumnyanyua mtu kama yeye kama wanavyonyanyua kiti kilichowazibia njia. Wanamshika chini ya makwapa, wanamhamisha, halafu wanamwambia pole. Aliwahi kumwuma mtu mkono kwa ajili hiyo, na bahati mbaya aliyeumwa alikuwa mhubiri mgeni kutoka Fizi. Mahubiri ya Jumapili ile yalikuwa mafupi.

Nikitaja kanisa, nikumbuke siku ya shukrani ya mavuno. Patroni alikuwa shemasi. Baada ya mihogo na mchele na kuku kupelekwa mbele, alipeleka na Mama Fundi. Vijana wawili walimweka kwenye kiti karibu na mimbari, katikati ya mihogo, na patroni akaeleza kwa sauti nyororo jinsi Mungu alivyompa moyo wa kumlisha mama huyu. Watu walipiga makofi. Mchungaji akamwomba Mama Fundi aseme neno moja la shukrani.

Alitazama mihogo. Alitazama watu. "Mi nashukuru Mungu juu ya mikono yangu," alisema. "Na patroni naye ashukuru mikono yangu."

"Amina!" lilijibu kanisa lote kwa mazoea. Walishatamka ndipo wakaanza kutazamana. Patroni alisema amina pia, nilimsikia, naye alikuwa wa mwisho kuelewa.

Msifikiri waliosoma walifanya vizuri zaidi. Lilikuja shirika moja ambalo hata kibao chake kimeshaanguka. Lilitaka kufundisha vilema kazi za mikono, kwa hiyo likatafuta mwalimu wa useremala na mwalimu wa kushona nyavu. Seremala alikuwa mwanamume wa miguu miwili. Mwalimu wa nyavu alikuwa Mama Fundi. Walianza siku moja, walifundisha saa zilezile chini ya hema lilelile. Mwisho wa mwezi seremala alipewa mshahara, naye akapewa kitu kilichoitwa kitia moyo, pamoja na kipande cha sabuni, tena ile isiyo na harufu. Alimwita kijana wa shirika, aliyevaa kadi shingoni.

"Mutoto yangu, juu ya nini ule seremala anapata mushahara na mi napata hii?"

"Mama, we ni munufaika."

"Mi ni nani?"

"Munufaika. Mradi ni ya kukusaidia we."

"Na bale banafunzi?"

"Bale pia ni banufaika."

"Basi mwalimu ni nani?"

Kijana alisema atauliza Bukavu. Bukavu bado haijajibu. Walipoondoka walimwachia kiti cha magurudumu membamba, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwenye saruji. Kilizama mchangani siku ya kwanza. Binti yake alianikia nguo juu yake, na mama wachuuzi wakamsifu kwamba sasa ana kitu cha kizungu.

Basi ikaja ile siku ya wavu, ambayo wengi wanaisimulia vibaya, kwa hiyo niisimulie mimi niliyekuwepo.

Wavuvi wa patroni waliuburuta wavu mkubwa juu ya visiki kwenye mdomo wa mto, wakarudi nao umechanika. Mwezi ulikuwa unajaa. Mafundi wanaume waliukunjua, wakautazama, wakasema ununuliwe mwingine. Patroni aliposikia bei ya mwingine alikuja mwenyewe, akachuchumaa mbele ya Mama Fundi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama Fundi, shona hii. Mara hii utapata ndoo. Muzima. Batu bote bamesikia."

"Nani atachota?"

"Tutaangalia."

Aliushona. Binti yake alimletea chakula palepale, na jua lilimchoma mpaka ngozi ya pua ikatoka. Aliongea mara nyingi kuhusu ndoo hiyo, jambo lisilo la kawaida yake. Karo ya binti ilikuwa inadaiwa shuleni, na alikuwa ameshaambiwa kwamba asipolipa mtoto abaki nyumbani. Ndoo nzima ya ndakala, ikianikwa na kuuzwa vizuri, ingemrudisha mtoto darasani. Sahani ingewapikia chakula cha jioni.

Siku ya kwanza ya giza, baada ya saa sita mchana, patroni alipita amebeba betri mpya za taa. Alisimama kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

"Ile ya ndoo, Mama Fundi, nilikuwa nasema kama Mungu akipenda."

"Na Mungu amesema nini?"

"Betri zimepanda bei. Tutakupatia ya mboga tu, kama kawaida. We si uko mutu yetu?"

Mama Fundi hakumjibu, na nikaogopa kidogo, kwa sababu yeye alijibu kila mtu. Aliweka uzi mpya kwenye sindano. Nilidhani anamalizia tundu la mwisho. Sikuangalia vizuri alikuwa anashona nini.

Jua lilipoinama wavuvi walikuja kuubeba. Wavu mkubwa unabebwa na watu wengi waliojipanga mstari, kila mmoja na mkunjo wake begani. Walisema moja, mbili, wakanyanyua, na Mama Fundi akanyanyuka nao. Alining'inia katikati ya wavu kama samaki mkubwa asiye na haraka.

"Mushushe!" walipiga kelele wenyewe kwa wenyewe. Walimshusha. Mmoja alitaka kumtoa kwa kumshika chini ya makwapa, akakumbuka habari ya mhubiri, akarudisha mikono. Ndipo walipoona. Alikuwa ameshona kikwembe chake kwenye wavu, toka kiunoni mpaka chini, kuzunguka pande zote, kwa mafundo yaleyale yanayozuia ndakala kutoka.

Patroni alikuja anakimbia. Mitumbwi ya watu wengine ilikuwa inasukumwa majini, mmoja baada ya mwingine.

"Mama Fundi, hii ni mchezo gani?"

"Haiko mchezo. Iko fundo."

"Fungueni!" aliwaambia mafundi wanaume. Mzee wa kofia ya sufu aliinama, akashika fundo moja, akalitazama, akasema kwa unyenyekevu kwamba labda mpaka kesho mchana. Sijui kama alisema kweli au alikuwa analipa yale mawimbi yake.

"Basi kata wavu!" alisema mvuvi mmoja.

"We! Wavu yangu?" alisema patroni. "Kata nguo!"

Mtu alitoa kisu. Mama wachuuzi, waliokuwa wameshaanza kukusanyika na mabeseni yao, walisogea karibu. Mama Fundi alinyosha mgongo.

"Kata," alisema. "Kata vizuri. Shemasi anavua mama ya batu nguo mbele ya Baraka yote, juu ya ndoo ya ndakala. Jumapili utaisema wapi, ku mimbari?"

"Aibu!" alisema mchuuzi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta. "Aibu, Shemasi! Si ulisema ndoo? Bote tulisikia!"

"Nilisema kama Mungu..."

"Wacha Mungu, ye hakai Baraka hapa na betri!" Na wote wakapiga yowe la kucheka.

Mwenye kisu alikirudisha mfukoni. Patroni alitazama ziwa, ambako mitumbwi ya wenzake ilikuwa inapungua ukubwa. Sijawahi kuona mtu mzima akitaka kulia kwa ajili ya ndoo moja, na yeye alikuwa nazo nyingi.

"Unataka nini?" alimwuliza.

"Ndoo yangu. Na nachota mi mwenyewe, mu maji. Unaleta mutumbwi ku mi, ao unanipeleka ku mutumbwi. Chagua."

"Nimekubali."

"Ambia bamama."

Aliwaambia mama wachuuzi. Mama Fundi alitoa kisu chake kidogo cha kukatia uzi, akakata kikwembe yeye mwenyewe, pembeni mwa mshono. Mama mwenye sauti ya tarumbeta akamvulia kitambaa chake cha kichwani ajifunge. Wavu ukaenda ziwani na ukanda wa kikwembe cha maua mekundu katikati yake.

Kesho yake asubuhi alichagua wavuvi wawili wa kumbeba, akawaelekeza wamshike wapi. Walimfikisha kwenye ubavu wa mtumbwi, mawimbi yakimpiga usoni, na akachota. Hakuharakisha. Alijaza, akaitikisa ndoo ili samaki washikamane, akajaza tena. Patroni alikuwa amesimama mchangani anaangalia milima ya upande wa Fizi kwa makini, kana kwamba ndiyo kwanza inafika. Binti alirudi shuleni wiki ileile.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwezi ulipojaa tena, patroni hakumpelekea wavu. Alileta fundi mwingine, mwanamume, ambaye kazi yake patroni aliilaani kila alipoukunjua wavu, na ambaye hata hivyo alimpa ndoo nzima kila giza liliporudi. Alikubali kulipa ndoo nzima kwa kazi aliyoichukia, kuliko kulipa ndoo nzima kwa kazi aliyoisifu. Wenye mitumbwi wengine waliona mfano, wakafuata. Wale wote waliocheka na kupiga yowe ufukoni, sasa walisema kwa sauti ya watu wenye busara: "Angenyamaza, angekuwa bado anakulishwa." Nililisikia neno hilo sokoni, nikalisikia kwenye foleni ya pikipiki, nikalisikia kwa mama yangu mzazi, Mungu amrehemu. Mama Fundi alipanda mtumbwi wa mizigo na binti yake, akaelekea kusini. Patroni alisema kanisani kwamba amewahi kulisha mtu asiye na shukrani. Nadhani walimpigia makofi.

Miaka ilipita, na miguu yangu haikutulia. Mara ya mwisho nilimwona Kazimia, nilikopeleka mzigo wa chumvi. Nilishuka bandarini, nikasikia mtu ananiita kwa dharau kutoka chini ya hema la plastiki.

"We mutembezi! Hata huku unafika?"

Nywele zake zilikuwa nyeupe upande mmoja. Binti yake alikuwa ameolewa, yuko Kalemie. Mama Fundi sasa alikuwa amepatana na wenye mitumbwi mitatu: nyavu zote zinakuja kwake, na mafungu ya mafundi yanaletwa hemani kwenye beseni kubwa, kila mtumbwi siku yake, yeye ndiye anagawa. Alikuwa na mafundi wawili. Mmoja baba mwembamba, mwingine mama mmoja bubu, asiyesikia, mama wa watoto wanne, mwenye mikono ya haraka sana. Nilikaa nikawatazama wakishona, nikasahau chumvi yangu.

Beseni liliposhushwa, Mama Fundi aligawa kwa kopo. Ndoo ya baba ilijaa. Ndoo ya mama bubu ilifika chini kidogo ya ukingo, akaacha.

Yule mama hakuinyanyua. Aliitazama ndoo ya mwenzake, akaitazama yake, kisha akamkazia macho Mama Fundi, na hakuyaondoa.

"Anataka nini?" nilimwuliza Mama Fundi, ingawa niliona.

"Huyu bado anajifunza. Alianza tu juzi."

"Na huyu baba, alianza lini?"

Baba mwembamba akaanza kupanga nyuzi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Juzi," alisema Mama Fundi.

Mama bubu bado alikuwa amesimama vilevile. Alinyosha mkono, akagonga ukingo wa ndoo kwa kucha, mara kadhaa, taratibu. Mama Fundi aliguna, akalaani jua, akanilaani mimi kwa kuja siku ya mgawo. Halafu akatupa kopo, akalisukuma beseni kwa mabega yale mapana mpaka likagusa miguu ya yule mama, na akamfanyia ishara kwa kiganja: chota.

Alichota kwa mikono miwili. Alijaza, akasawazisha, akamtazama Mama Fundi, akaongeza mpaka ndakala wakaanza kuteleza pembeni. Mama Fundi alikaza midomo. Mama bubu alifunga kichwa chake vizuri, akaweka ndoo juu, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea kwa watoto wake.

Kilichobaki ndani ya beseni kilikuwa fungu la Mama Fundi. Aliinama akaliangalia. Halikufika nusu ya ndoo.

"Bamenimaliza," alisema. Aliokota sindano, akaanza kuiwekea uzi, akasita, akalivuta beseni karibu na paja lake.

"Kesho mi njo nitachota wa kwanza."